Mkono Unatetemeka Lini?

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwenye mkutano wa walimu wastaafu, Moshi

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, daktari na wauguzi mliokuja kuwa nasi leo, ndugu waalikwa. Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya mikono kutetemeka. Sababu ya kuombwa mimi mnaiona wenyewe kila ninapoinua karatasi hii, kwa hiyo sitaieleza. Naomba tu wale waliokaa nyuma wasinionee huruma wakadhani nina woga. Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote.

Mkono ukianza kutetemeka, majirani wanakupa jibu kabla ya daktari. Ni pombe. Ni uzee. Ni presha. Umerogwa. Wewe mwenyewe usiku unajipa jibu baya kuliko yote hayo. Mimi nawaomba kabla ya kutafuta jibu mjiulize: mkono huu unatetemeka lini? Unatetemeka ukiwa umelala mapajani, au ukiwa kazini? Ni mmoja au yote miwili? Ulianza wiki iliyopita au miaka mingi nyuma? Kuna dawa uliyoanza kumeza karibu na wakati huo? Majibu ya maswali hayo ndiyo daktari anayoyafanyia kazi. Kwa matatizo mengi ya kutetemeka hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo itakayomaliza ubishi. Anayemaliza ubishi ni mtu anayejua kutazama, akimtazama mgonjwa anayejua kujieleza.

Mimi nilifundisha darasa la kwanza kuandika. Wenzangu wa darasa la kwanza wanajua kwamba kwenye kazi hiyo unatazama mkono wa mtoto kuliko uso wake. Basi mabadiliko yangu niliyaona ubaoni. Herufi "o" niliyozoea kuizungusha kwa mkupuo mmoja ikaanza kuota meno pembeni. Mguu wa "l" ukawa na mawimbi. Chaki ikawa inagonga ubao mara mbili tatu kabla ya kushika. Nikiteremsha mkono na kuuweka juu ya meza, unatulia tuli. Nikiuinua tena kuandika, unaanza. Watoto hawakuniuliza kitu. Nilipopita kusahihisha nikakuta kwenye madaftari wamenakili "o" yenye meno, kwa uangalifu mkubwa, jino kwa jino, maana mwalimu ndivyo alivyoiandika.

Nilipostaafu hali ilizidi. Msibani, ukiletewa chai, kikombe na kisahani vinagongana mpaka watu wanageuka. Benki wanakurudishia fomu kwamba sahihi haifanani na ile waliyonayo, unaandika tena, na ya pili inakuwa mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu sasa unatazamwa. Namba ya siri ya simu unaibonyeza ukikosea mpaka laini inafungwa. Zahanati moja niliyokwenda niliambiwa, "Ni uzee tu, mama." Nilikuwa bado sijafika miaka sitini. Wauguzi mlio hapa, nawaomba sana neno hilo mliache. Mzee anayetetemeka ana sababu inayomtetemesha, na ana haki ya kutafutiwa.

Wengi wetu hapa, tukisikia kutetemeka, tunaona picha moja. Septemba 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja hapa Moshi. Alikuwa na miaka 70, na wengi mlimwona kwa macho yenu jinsi alivyokuwa na nguvu. Miaka iliyofuata tukawa tunamwona kwenye televisheni mkono wa kushoto ukitetemeka, mgongo ukiinama, uso ukikosa ile bashasha, mwishoni hata sauti ikamwishia. Mwaka 2003 Vatikani wakasema wazi kwamba ni ugonjwa wa Parkinson. Na wapenzi wa ngumi wanamkumbuka Muhammad Ali, ambaye ugonjwa huo huo ulitambuliwa kwake mwaka 1984, akauwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta mwaka 1996 dunia nzima ikiitazama mikono yake. Mimi kila nilipomwaga chai niliwaona hao wawili. Nililala na Parkinson na kuamka nayo, kabla mtu yeyote hajaniambia kama ninayo.

Sasa nieleze daktari alivyonipima, kwa sababu watu wanaogopa kwenda wakidhani watapasuliwa kichwa.

Aliniketisha, mikono mapajani, akaniambia nihesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 100, nikitoa saba saba. Nilipokuwa nahangaika na 93, 86, 79, yeye hakuwa anasikiliza hesabu, alikuwa anatazama vidole vyangu. Vilikuwa vimetulia. Akaniambia ninyooshe mikono mbele; ikaanza. Niguse pua yangu, halafu kidole chake, halafu pua; ikazidi kadiri nilivyokaribia kugusa. Nimimine maji kutoka kikombe kimoja hadi kingine, mnajua yaliyotokea. Akanipa karatasi nichore mstari unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, kama gamba la konokono, bila kuegemeza mkono mezani. Wa kulia, kisha wa kushoto. Halafu niandike sentensi moja ndefu. Akanikunja viwiko na vifundo kuona kama vimekaza. Akanitembeza ukumbini kuona kama mikono yote miwili inapepea ninapotembea. Akauliza kama nasikia harufu ya vitunguu vikikaangwa, kama napata choo vizuri, kama mtu niliyelala naye chumba kimoja amewahi kulalamika kwamba napiga kelele na kurusha mikono usingizini.

Niliona maswali hayo hayana uhusiano na mkono. Yana uhusiano mkubwa. Katika Parkinson, chembe za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini zinakufa polepole, na pua, tumbo na usingizi vinaweza kuanza kulalamika miaka mingi kabla mkono haujatikisika. Kutetemeka kwenyewe, kukiwepo, kwa kawaida huanza upande mmoja, tena mkono ukiwa umepumzika, kidole gumba kikisuguana na cha shahada. Mtu akiunyanyua mkono kuchukua kikombe, mara nyingi unatulia. Mwandiko nao unasinyaa: anaanza mstari kwa herufi za kawaida, anamaliza kwa herufi za sisimizi. Na mwili unakuwa mzito, kila kitendo kinakwenda polepole. Uzito huo ndio hasa unaoonyesha Parkinson, maana wapo wenye ugonjwa huo ambao hawatetemeki hata kidogo.

Wangu ulikuwa kinyume. Mikono yote miwili, ikianza kazi ndiyo inatetemeka, ikipumzika inatulia. Mwandiko mkubwa, wenye mawimbi. Daktari akauita esensheli trema. Ni kutetemeka kunakokuja kwenyewe, bila ugonjwa mwingine nyuma yake, na ni kati ya matatizo ya kutetemeka yanayowapata watu wengi zaidi duniani, kuliko hata Parkinson. Kunaweza kushika mikono, kichwa na sauti. Huongezeka polepole kwa miaka. Na mara nyingi hutembea katika ukoo.

Alipofika hapo kwenye ukoo ndipo nilipolia.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa. Mikono yake ilitetemeka tangu nikiwa mtoto mdogo. Asubuhi akiletewa uji alikishika kikombe kwa mikono miwili na kukiinamia. Jioni akienda kwa wenzake, akinywa kata moja ya mbege, mikono ilitulia. Kata moja tu, na angeweza kutia uzi kwenye sindano. Sisi sote tuliona hivyo, ukoo mzima uliona hivyo, na kijiji kikahukumu: huyu mzee pombe imemwingia mwilini, bila pombe hawezi kushika hata kijiko. Mama alimficha mbege. Mchungaji alikuja kumwombea aache. Watoto wenzetu shuleni walituita watoto wa mlevi. Alikufa akiitwa hivyo, na kaburini alienda na jina hilo.

Daktari alinieleza kwamba esensheli trema kwa watu wengi hutulizwa na pombe kidogo kwa saa chache. Ndivyo ilivyo, na madaktari huuliza swali hilo makusudi kwa sababu linawasaidia kutambua. Baadaye ikiisha, mkono unaweza kutetemeka zaidi ya mwanzo. Siwezi kumfufua baba akachore konokono. Lakini mikono yake ilitetemeka akishika kitu na ikatulia akipumzika, kaka yangu mkubwa anatetemeka vivyo hivyo na hajawahi kuonja pombe, na mimi ndiye huyu mbele yenu. Naamini baba alikuwa na kitu hiki hiki. Inaniuma kwamba mtu anaweza kuishi na ugonjwa miaka yote hiyo na kilichomfikia ni aibu peke yake.

Nisieleweke vibaya, pombe nayo inatetemesha. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikosa, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, na anaweza hata kupata degedege. Huyo msimfungie ndani mkamnyima ghafla, mpelekeni hospitali asaidiwe kuacha kwa usalama. Na mwenye trema kama yangu asije akageuza mbege kuwa dawa. Ninachosema ni kwamba kumwona mtu anatetemeka asubuhi hakukupi wewe haki ya kumtaja mlevi.

Jirani zetu wa Hai wana la kutufundisha hapa. Watafiti wa Tanzania na Uingereza walifanya utafiti Wilaya ya Hai, nyumba kwa nyumba, kati ya watu zaidi ya 161,000, wakitafuta wenye Parkinson. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walikuta watu 33, na wengi wa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba ugonjwa wao una jina, achilia mbali kwamba una dawa. Hai ni hapo tu, unapanda daladala unafika. Na dawa ya Parkinson, levodopa, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiponyi, lakini mtu aliyekuwa anageuzwa kitandani anaweza kuamka akatembea mwenyewe hadi shambani.

Na kwa kuwa nimeitaja levodopa: ule upupu tunaoujua, unaowasha ukigusa maganda yake, mbegu zake kweli zina levodopa. Wauza unga wa mitishamba wanalijua hilo. Lakini ukinunua kopo barabarani hujui kuna kiasi gani ndani yake, na ukichanganya na vidonge vya hospitali unaweza kujizidishia dozi bila kujua. Kama unautumia, mwambie daktari. Hatakufukuza.

Zipo sababu nyingine, nazo nyingine hutibika kabisa, ndiyo maana kukaa nyumbani na hofu ni hasara. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, mikono hutetemeka kwa haraka haraka, moyo unaenda mbio, mtu anakonda huku anakula, anasikia joto wenzake wakijifunika. Kipimo cha damu kinaonyesha, na dawa zipo. Wenye kisukari wanaotumia sindano au vidonge, ukitetemeka ghafla huku unatokwa jasho na njaa inakushika, sukari imeshuka: kunywa kitu chenye sukari hapo hapo, halafu pima. Dawa za pumu zinatetemesha. Baadhi ya dawa za kifafa zinatetemesha. Dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, na hata metoklopramidi tunayopewa kuzuia kutapika, zikitumika muda mrefu zinaweza kumfanya mtu aonekane ana Parkinson wakati hana, na nyingi ya dalili hizo huondoka dawa ikibadilishwa. Nasema ikibadilishwa na daktari. Msiende nyumbani leo mkatupa vidonge.

Kahawa yetu kali inaongeza. Mirungi inaongeza. Kukosa usingizi, hasira, njaa, kutazamwa, vyote vinaongeza, lakini si lazima viwe ndiyo chanzo.

Na wale wenye watoto waliokwenda machimboni Geita au Chunya, waulizeni wanachoma dhahabu wapi. Moshi wa zebaki unaingia mapafuni, unafika kwenye ubongo, na kutetemeka ni moja ya dalili zake za wazi kabisa. Kijana wa miaka ishirini na tano anayetetemeka mikono hana uzee wa kusingizia. Zebaki imekutwa pia kwenye baadhi ya krimu za kujichubua. Mabinti zetu waambieni.

Sasa nije kwenye kuishi nako, maana kujua jina hakukunyoosha mkono wangu. Nilipewa propranololi, kidonge cha presha ambacho kimetumika miaka mingi kwa kutetemeka huku. Kinawasaidia wengi, si wote, na ni nadra kukuondolea kabisa. Mimi kimenipunguzia, nikaweza tena kushika uma. Mwenye pumu hapewi, na ukishakizoea hukiachi ghafla, moyo unaweza kupata shida. Mwenzangu hapa wilayani hakikumfaa, akapewa dawa nyingine, primidoni. Nchi nyingine wanafanya upasuaji wa kuweka waya ndani ya ubongo kwa wale ambao dawa zimeshindwa kabisa, lakini kwa mstaafu wa kipato chetu hilo bado liko mbali.

Na hata kwa dawa, mwaka huu ni mbaya kuliko mwaka jana. Kichwa nacho kimeanza kutikisika upande kwa upande. Kwenye kikao cha jumuiya, mzee aliyekuwa anaongoza alikatiza maneno yake kuniuliza kwa nini napinga hoja, kumbe mimi nilikuwa nakubali kwa moyo wote. Ilibidi niwaeleze wote, hapo hapo. Tangu siku hiyo kila ninapoingia kikao kipya nasema kabla ya ajenda ya kwanza: kichwa changu kinatikisika, msikisome, sikilizeni ninachosema. Watu wanaelewa haraka kuliko tunavyodhani. Ukisema mwenyewe, hawana haja ya kunong'ona.

Chai nakunywa kwenye kikombe kizito cha bati chenye mkono mpana, nusu kikombe, viwiko vimebana mbavu. Jaribuni kubana viwiko, utofauti utauona siku hiyo hiyo. Mchuzi mwepesi kwa kijiko ni mateso, ugali kwa mkono hauna taabu, kwa hiyo nikialikwa naomba ugali. Kalamu nimeizungushia kitambaa iwe nene. Benki nilikwenda na barua ya daktari, nikaomba wachukue sahihi yangu mpya na alama ya kidole, wakakubali. Nasisitiza hilo la benki, kwa sababu wapo wastaafu waliochelewa kupata haki yao kwa ajili ya sahihi.

Mwanangu wa pili ni fundi umeme. Alikuja siku moja akanyoosha bisibisi mbele yangu akaniuliza, "Mama, na mimi?" Sikumdanganya. Pale trema hii inaporithiwa, kila mtoto ana nafasi kama nusu kwa nusu. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba kutetemeka kidogo kila binadamu anako, hasa baada ya kazi nzito, na kwamba akiona kunazidi aende mapema, aeleze lini na vipi. Yeye atakwenda na jina, si kama babu yake.

Jambo ambalo halisubiri: mkono ukidhoofika ghafla, mdomo ukapinda upande, maneno yakakataa kutoka, hiyo inaweza kuwa kiharusi. Hiyo ni hospitali dakika ile ile, hata kama ni usiku na hata kama ni Jumapili. Kutetemeka kukija ghafla pamoja na homa na kuchanganyikiwa, hivyo hivyo.

Kutetemeka kwa pole pole mnaweza kukuandalia safari. Andika kwenye daftari kulianza lini na kunakuja ukifanya nini. Mwombe mjukuu akurekodi kwa simu ukiwa umekaa unatazama taarifa ya habari, na ukiwa unakunywa chai. Video mbili fupi zitamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Uliza kwenye ukoo ni nani mwingine. Beba dawa zako zote, za hospitali na za majani, na yule aliyekuambia umerogwa mwache nyumbani.

Daktari amekubali kukaa nasi mpaka saa nane mchana. Kule mwisho wa ukumbi kuna meza tatu. Ya kwanza wanapima presha na sukari. Ya pili kuna karatasi na kalamu, mtachora konokono wenu na kuandika sentensi moja, mkono wa kulia na wa kushoto, na karatasi hiyo mwandike tarehe na kuihifadhi ili mwakani mlinganishe. Ya tatu ni ya daktari mwenyewe. Waliokuja na fimbo na wenye kisukari ambao hawajala watangulie. Mimi nitakaa meza ya pili, kusaidia wasioona vizuri.

Asanteni sana.